Kufunga darubini imara kwenye bunduki ya upepo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu mengi hapa yanahusu bunduki za springi, zile unazokunja mtutu au kuvuta mkono wa chini ili kubana springi. Ndizo zilizoenea zaidi, na ndizo zinazotesa darubini kuliko zote. Bunduki za hewa iliyojazwa kwenye tangi, PCP, tumezitaja pale tu zinapotofautiana.

Bunduki ya upepo haina baruti. Iweje isumbue darubini kuliko bunduki ya risasi za moto?

Kwa sababu inapiga teke mara mbili, na teke la pili linakwenda upande usiotarajiwa. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pistoni nzito mbele, na bunduki nzima inarudi nyuma kidogo. Mara moja pistoni inafika mwisho wa silinda, inagonga mto wa hewa iliyobanwa na kusimama ghafla. Hapo bunduki inarushwa mbele kwa mshtuko mkali. Darubini, kwa uzito wake, inataka kubaki ilipokuwa. Bunduki inakwenda mbele, darubini inabaki, na matokeo yake ni kwamba kwenye reli, yaani sehemu ya mgongo wa bunduki inapofungwa darubini, inaonekana kutambaa nyuma, kuelekea jicho lako. Bunduki za bomba la gesi badala ya springi zina tabia hiyo hiyo.

Bunduki ya baruti inapiga teke kubwa zaidi, lakini kwa upande mmoja. Ndiyo maana darubini iliyodumu miaka kwenye bunduki kubwa inaweza kukatika msalaba wake (mistari ya kulengea iliyo ndani) ndani ya muda mfupi ikifungwa kwenye bunduki ya springi: lenzi na vishikizo vyake vya ndani havikuandaliwa kwa mshtuko wa kwenda mbele.

Kwa hiyo ninunue darubini ya aina gani?

Iliyoandikwa wazi na mtengenezaji kwamba inafaa bunduki za upepo za springi. Jambo la pili ni paralaksi. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimewekwa kuona sawasawa kwenye yadi 100, yaani mita 91. Shabaha ikiwa mita 10 au 15, picha inakuwa na ukungu, na ukisogeza jicho kidogo msalaba unatembea juu ya shabaha. Tafuta yenye pete ya kurekebisha umbali inayoshuka hadi yadi 10, takriban mita 9. Na isiwe nzito bila sababu, maana kila gramu ya ziada inaongeza nguvu inayovuta nyuma ringi, vile vishikizo vya duara vinavyofunga darubini kwenye reli.

Darubini yangu inarudi nyuma kidogo kidogo kila ninapopiga. Nimekaza skrubu mpaka mwisho na bado inatambaa. Nifanye nini?

Acha kukaza. Hili ndilo swali kuu kuliko yote, na watu wengi huharibu ringi, reli na bomba la darubini kwa kudhani kwamba dawa yake ni nguvu ya mkono.

Kwanza, jua kinachotembea ni nini. Kuna sehemu mbili zinazoweza kuteleza: ringi juu ya reli, au bomba la darubini ndani ya ringi. Chora mstari mwembamba wa penseli au rangi ya kucha unaovuka kutoka ringi hadi reli, na mwingine kutoka ringi hadi bomba. Piga risasi ishirini. Mstari utakaokatika ndio utakaokuonyesha.

Ikiwa ringi inateleza kwenye reli, unahitaji kizuizi. Ringi nyingi za bunduki za upepo zina pini ndogo ya chuma inayoshuka chini kwa kuzungushwa na alenki. Pini hiyo huingia kwenye tundu lililotobolewa juu ya silinda ya bunduki. Weihrauch HW77 na HW97, kwa mfano, zina matundu ya namna hiyo kwenye mgongo wake. Ukitumia ringi mbili, yenye pini iwe ya nyuma. Ishushe pini mpaka iingie vizuri tunduni, lakini isiguse kitako cha tundu kiasi cha kuinua ringi. Pini ndefu mno inaiacha ringi ikining'inia upande mmoja, darubini inakaa kombo na makucha ya ringi, yaani kingo zake zinazobana reli, hayaishiki kwa urefu wake wote.

Kisha fanya kitu ambacho wengi hukiruka. Kabla ya kukaza, vuta ringi nyuma mpaka pini iegemee ukuta wa nyuma wa tundu. Ukiacha nafasi hata ya nusu milimita, ringi itapata mwendo wa kuikimbilia pini, na kila risasi itakuwa nyundo. Waliozoea bunduki kubwa hufundishwa kusukuma ringi mbele kabla ya kukaza. Huko ni sahihi. Kwenye bunduki ya springi ni kinyume.

Bunduki nyingine hazina tundu, bali zina kipande cha chuma kilichofungwa nyuma ya reli. Hapo egemeza ringi ya nyuma moja kwa moja kwenye kipande hicho. Usikifananishe na kichwa cha skrubu kinachoonekana mwisho wa reli kwenye baadhi ya bunduki. Skrubu hiyo haikuwekwa kubeba mzigo, na ikitumiwa kama kizuizi hukatika. Kama hakuna tundu wala kipande, nunua kizuizi cha kujitegemea kinachofungwa kwenye reli nyuma ya ringi, au ringi ndefu za kubana zisizotegemea pini, kama za BKL ya Marekani. Usitoboe tundu jipya mwenyewe. Chini ya reli ndimo pistoni inamopita, na tundu au makapi ya chuma mahali pasipostahili yatakata mpira wake.

Ikiwa ni bomba linaloteleza ndani ya ringi, sababu karibu siku zote ni mafuta. Ringi mpya hutoka kiwandani na ulaini wa mafuta ya mashine. Fungua, safisha ndani ya ringi na nje ya bomba kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, acha ikauke, funga tena. Ringi zenye utepe mwembamba ndani hushika vizuri zaidi. Usiubandue utepe huo. Na usiegemeze ringi kwenye kisanduku cha nobu (vifundo vya kurekebishia msalaba) katikati ya darubini ukidhani utaizuia isitembee: unapeleka mshtuko wote mahali darubini ilipo dhaifu.

Nitajuaje reli yangu ni ya aina gani?

Ikiwa ni mifereji miwili iliyochongwa pembeni mwa mgongo wa bunduki, hiyo ndiyo inayoitwa ya milimita 11. Jina lisikudanganye: ukipima kwa kalipa utakuta bunduki zinatofautiana kuanzia karibu milimita 9.5 hadi 13.5, na pembe ya mfereji nayo inatofautiana. Ringi ambayo makucha yake yanashika kwa ncha tu, au yanayoishia kugusana kabla ya kubana, haikufai hata ikiwa pakiti imeandikwa 11.

Ikiwa ni reli pana yenye mitaro inayoikata kwa upana, ni Weaver au Picatinny. Mitaro ya Picatinny ina upana wa milimita 5.23 na iko milimita 10 kutoka katikati ya mmoja hadi katikati ya mwingine. Ya Weaver ni myembamba zaidi. Ringi ya Weaver kwa kawaida inaingia kwenye Picatinny, lakini ya Picatinny huweza kukataa kuingia kwenye Weaver. Reli hizi zina faida kubwa, kwa kuwa mtaro wenyewe ni kizuizi. Vuta ringi nyuma mpaka nondo yake iguse ukingo wa mtaro, kisha kaza.

Ringi ya reli moja haishiki reli nyingine. Kuna vipande vya kubadilishia, ila kila kipande cha ziada ni sehemu nyingine ya kuteleza.

Ringi za kipenyo gani, na urefu gani?

Kipenyo hufuata bomba: inchi 1, yaani milimita 25.4, au milimita 30. Darubini chache kubwa ni 34. Ringi ya 30 kwenye bomba la 25.4 haitashika kamwe, hata ukiijazia utepe.

Urefu unahitaji hesabu ndogo. Pima kipenyo cha nje cha kichwa cha mbele cha darubini. Lenzi ya milimita 40 huwa na kichwa cha karibu milimita 47 au 48. Gawa kwa mbili, ongeza milimita 2 za nafasi. Kwa 48 unapata 26: huo ndio umbali unaohitajika kutoka juu ya reli hadi katikati ya ringi, ikiwa mtutu uko usawa mmoja na reli. Mtutu ukiwa chini ya reli, unaweza kushuka zaidi. Shuka kadiri unavyoweza, kwa sababu darubini ya chini hukuruhusu kulaza shavu vizuri kwenye kitako. Ila hakikisha vitu viwili: kwenye bunduki ya kukunja mtutu, vidole vyako vipate nafasi ya kuingiza risasi, kwenye PCP yenye magazini, magazini itoke na kuingia bila kugusa darubini.

Kipande kimoja au ringi mbili?

Kwa springi yenye nguvu, kipande kimoja, yaani ringi zilizounganishwa kwenye msingi mmoja. Kina urefu mkubwa wa kushika na skrubu nyingi. Ringi mbili hukupa uhuru wa kuziweka mbali au karibu, jambo linalosaidia darubini fupi, na kwa PCP zinatosha kabisa.

Nipeni hatua za kufunga, tangu mwanzo.

Hakikisha bunduki haina risasi. Kwenye ya springi, isiwe imebanwa. Kwenye PCP, angalia chemba na toa magazini. Laza bunduki juu ya taulo iliyokunjwa au kwenye stendi. Usibane mtutu kwenye jiliwa.

1. Safisha mifereji ya reli, makucha ya ringi na ndani ya ringi kwa spiriti. Kusafisha huku kunazuia matatizo mengi kuliko hatua nyingine yoyote.
2. Rudisha msalaba katikati. Zungusha nobu ya juu hadi mwisho mmoja, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa pili, na urudi nusu. Fanya vivyo hivyo kwa nobu ya pembeni. Usilazimishe inapogoma.
3. Weka sehemu ya chini ya ringi kwenye reli, shusha pini, vuta nyuma, kaza skrubu za reli nusu tu.
4. Laza darubini, weka vifuniko vya ringi, kaza kwa vidole ili bomba liweze bado kusogea.
5. Weka ukuzaji kwenye namba ya juu kabisa, maana hapo ndipo nafasi ya jicho inapobana. Fumba macho, weka bunduki begani, laza shavu, fumbua. Ukiona duara kamili lenye mwanga, umepata. Ukiona kivuli cheusi pembeni, sogeza darubini mbele au nyuma. Umbali wa jicho kwa darubini nyingi ni kati ya sentimita 7.5 na 9.
6. Nyoosha msalaba (tazama swali lake hapa chini).
7. Kaza skrubu za reli kikamilifu, kisha vifuniko. Vifuniko vikazwe kwa kuvuka: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto, robo mzunguko kila mara. Pengo kati ya kifuniko na msingi liwe sawa pande zote mbili. Kusipokuwa na pengo lolote, ringi si saizi ya bomba lako.

Nikaze kwa nguvu kiasi gani?

Kama mtengenezaji wa ringi ameandika namba, fuata yake. Kama hajaandika, kwa ringi za alumini, skrubu za vifuniko ziwe kati ya nyutoni mita 1.7 na 2, na za reli kati ya 2.3 na 3.4. Vifaa vingine vya Marekani huandika kwa inchi-pauni: nyutoni mita 1 ni karibu inchi-pauni 8.9, kwa hiyo 15 hadi 18 kwa vifuniko.

Bisibisi ya torki inafaa kununuliwa. Usipokuwa nayo, tumbukiza mkono mrefu wa alenki kwenye skrubu na uzungushe kwa mkono mfupi ukitumia vidole viwili. Nguvu ya vidole kwenye mkono ule mfupi haikupeleki mbali na kiwango kinachofaa kwa vifuniko. Kukaza kwa mkono mrefu ndiko kunakovunja skrubu za M3 na kutafuna matundu yake.

Dalili za kukaza kupita kiasi: pete ya ukuzaji inakuwa ngumu kuzunguka, ya umbali inakwama, na ukifungua unakuta alama za mikunjo kwenye bomba.

Niweke loktaiti (gundi ya kuzuia skrubu kulegea)?

Kwenye skrubu za reli, tone dogo la buluu, ile ya nguvu ya wastani, linasaidia. Kwenye vifuniko, kama ringi ni safi na zimekazwa sawasawa, si lazima. Nyekundu usiiguse kabisa. Kuifungua kunahitaji joto, na joto hilo litafika kwenye darubini. Kumbuka pia kwamba majimaji yoyote kwenye nyuzi za skrubu, loktaiti au mafuta, hulainisha, hivyo torki ile ile inabana zaidi. Kaa upande wa chini wa namba tulizotaja.

Msalaba wangu unaonekana kulala. Una maana gani?

Kwa umbali mfupi haina maana yoyote, lakini kwa umbali mrefu inakutupa pembeni. Risasi ikishuka sentimita 10 chini ya mstari wa mtutu na bunduki ikalala nyuzi 5, itakwenda pembeni karibu milimita 9. Kwa shabaha ya ukubwa wa sarafu, hiyo tayari ni kukosa.

Ning'iniza timazi ya mwashi mita 10 mbele yako. Weka pimamaji ndogo juu ya reli au sehemu nyingine iliyo bapa ya bunduki, nyoosha bunduki mpaka kipovu kikae katikati, kisha zungusha bomba ndani ya ringi mpaka mstari wa wima wa msalaba ulale juu ya uzi wa timazi. Angalia tena baada ya kukaza, kwa sababu vifuniko vikikazwa upande mmoja kwanza huizungusha darubini.

Bunduki inapiga chini, na nobu ya juu imefika mwisho.

Hii ni kawaida kwa bunduki za kukunja mtutu. Diana 34 za zamani zinajulikana sana kwa hilo. Mtutu umeelekea chini kidogo ukilinganisha na reli. Usiendelee kuipiga hivyo. Nobu ikiwa karibu na mwisho wa juu, springi ndogo inayoshika msalaba kwa ndani inakuwa legevu, na msalaba unahama kila risasi.

Dawa nzuri ni ringi zinazorekebishika kwa urefu, kama za Sportsmatch ya Uingereza, au zilizochongwa tayari na mteremko. Dawa ya haraka ni kuweka kipande chembamba cha plastiki au bati la kopo la soda kwenye sehemu ya chini ya ringi ya nyuma, kati yake na bomba. Hesabu yake ni hii: ringi zikiwa umbali wa sentimita 10, kila milimita 0.1 ya kipande hicho inapandisha risasi sentimita 1 kwenye mita 10, na sentimita 2.5 kwenye mita 25. Usizidishe milimita 0.3 hivi, la sivyo bomba litapinda ringi zikikazwa.

Nimezungusha kliki nne na risasi haijasogea. Nobu ni mbovu?

Pengine si mbovu. Kliki, yaani hatua moja ya nobu, ya robo MOA (MOA ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja) imehesabiwa kwa yadi 100, ambako ni karibu milimita 7. Kwenye mita 10 kliki moja ni milimita 0.7 tu, na kwenye mita 25 ni 1.8. Kundi lako likiwa sentimita 4 chini kwenye mita 10, utahitaji kliki 55. Darubini za miliradiani 0.1, kipimo kingine cha pembe, ni rahisi kichwani: milimita 1 kwa kliki kwenye mita 10, milimita 2.5 kwenye mita 25.

Anza mita 10, piga risasi tano ukiwa umeegemea kitu laini, pima katikati ya kundi, rekebisha. Kisha nenda umbali utakaotumia zaidi. Usirekebishe kwa kufuata risasi moja.

Nimeweka sifuri mita 25, yaani hapo risasi inapiga penye msalaba, lakini mita 5 inapiga chini.

Ndivyo inavyopaswa. Darubini iko karibu sentimita 4.5 juu ya mtutu, na risasi inaanza safari chini ya mstari wa jicho. Kwa bunduki ya mita 240 kwa sekunde, tegemea karibu sentimita 2.5 chini kwenye mita 5. Jifunze tofauti hiyo kwa kupiga karatasi, na uache nobu ilipo.

Ninaishi pwani. Kuna la ziada?

Chumvi ya hewani hushika kutu vichwa vya skrubu kwanza. Baada ya kukaza, paka mafuta kidogo sana juu ya vichwa, yasishuke kwenye ringi. Hifadhi bunduki na pakiti za silika, na usiiache ndani ya mfuko wa nguo wenye unyevu, maana ukungu huota kwenye lenzi na hausafishiki.

Vipi kuhusu kibali?

Kila nchi ina sheria yake, na "ni ya upepo tu" si utetezi. England na Wales huruhusu hadi futi-pauni 12, karibu jouli 16, bila cheti. Scotland inadai cheti tangu mwisho wa 2016. Ujerumani kikomo cha bunduki isiyohitaji leseni ni jouli 7.5. Afrika Mashariki, uliza polisi au mamlaka ya leseni za silaha kabla ya kununua au kuagiza.

Nimefanya yote na bado risasi zinatawanyika. Nitajuaje kama darubini imekufa?

Ondoa sababu rahisi kwanza. Kaza skrubu za kitako na mbao, kwani hizo nazo hulegea kwa mshtuko ule ule. Jaribu aina nyingine ya risasi. Angalia unavyoishika: bunduki ya springi haipendi kubanwa, ilaze juu ya kiganja kilichofunguliwa na iache iruke inavyotaka. Ukiikamata kwa nguvu risasi hii na kuilegeza ile, makundi yatahama na utailaumu darubini bure.

Kisha chunguza mistari yako ya penseli. Ikiwa haijakatika, piga risasi tano, zungusha nobu ya juu kliki 40 kwenda juu, piga tano, rudi kliki 40, piga tano nyingine. Kundi la tatu lisiporudi juu ya la kwanza, tatizo liko ndani ya darubini. Kwa uhakika zaidi, funga kwenye ringi zile zile darubini nyingine unayojua ni nzima, na upige kwa risasi zile zile. Makundi yakijikusanya, ya kwanza irudishe kwa muuzaji kwa garantii, ukiambatanisha karatasi zote mbili za shabaha.